Punda wa Usinge na Hukumu ya Dharau

Katika vinywa vya watu neno farasi huleta heshima na neno punda huleta kicheko. Mjinga akitukanwa huitwa punda. Hakuna aliyepata kutukanwa kwa kuitwa farasi. Hukumu hii ni ya zamani, lakini uzee wa hukumu si uthibitisho wa haki. Usinge, magharibi ya Tabora, ni mahali pafaapo kuisikiliza kesi hii upya, maana huko mashahidi wangali wapo.

Shahidi wa kwanza ni nchi yenyewe. Misitu ya miombo ni makao ya mbung'o, na mbung'o hubeba nagana, ugonjwa umkondeshao mnyama hata akafa. Farasi ni dhaifu mno mbele yake; na akimwepuka mbung'o, usubi humngoja kwa ugonjwa mwingine uwezao kumwua kwa siku chache. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alichukua farasi wawili. Wote wawili walikufa Kingaru, pwani ikiwa bado karibu nyuma yao. Mmoja alipopasuliwa alionekana kuwa na minyoo tele tumboni. Kwa hakika adui za farasi katika njia ile hawakuwa wa namna moja. Punda naye hupata nagana, ila aghalabu huistahimili kuliko farasi.

Wapenda fahari watajibu kuwa siku hizi dawa zipo. Ni kweli, dawa zipo. Lakini mnyama aishiye kwa dawa ya daima, nafaka ya daima na mlinzi wa daima ni mnyama wa tajiri, na mkulima wa Usinge hatafuti pambo. Urambo, jirani yake, ilikwisha toa fundisho. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga uliokusudia kuishinda nchi kwa mitambo. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Kilichokosekana hakikuwa fedha wala vyuma. Kilichokosekana ni kuiuliza nchi inakubali nini.

Walakini dharau kwa punda haikai katika maneno tu. Hukaa katika zizi. Mtu achaguaye mbegu ya mahindi punje kwa punje humwacha dume yeyote, hata mwenye miguu mibovu, ampande jike yeyote, kisha hulalamika kuwa punda wake ni wadogo na wavivu. Mfugaji mwenye akili hafanyi hivyo. Alfajiri, kabla ya mzigo, hupitisha mkono juu ya mgongo wa kila mnyama kutafuta kidonda. Huinua kwato na kutoa vijiwe. Humnywesha maji kabla jua halijawa kali. Kidonda cha jana hakitandikwi sogi leo. Jike aliyekaribia kuzaa hutengwa na mkokoteni, na dume bora huwekwa mahali ajulikanapo ni yupi aliyempanda. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji heshima, na heshima ndiyo bidhaa adimu.

Tena yahitaji subira. Jike huchukua mimba kiasi cha miezi 12, naye kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto hunyonya kwa miezi kadhaa, na haifai kubebeshwa mzigo mzito kabla ya kutimiza miaka mitatu. Basi, tangu dume kupanda hata mtoto kufanya kazi, hupita miaka minne. Hesabu hii wangaliijua wale waliokimbilia kuuza punda wao kwa ajili ya ngozi, wasingalidhani wamepata faida. Ngozi huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya Kichina, na kwa ajili yake machinjio yalifunguliwa Tanzania na Kenya. Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Sheria ni njema, lakini sheria hulinda zizi kwa nje tu. Asiyemthamini mnyama wake atamwuza usiku.

Watu husema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Methali hii husomwa kama sifa ya bidii. Isomwe tena, kwa sauti, Usinge, jirani ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mbung'o alipowaua wanyama, mzigo haukubaki chini. Ulipanda mabegani mwa wapagazi, na Wanyamwezi wengi waliubeba kwa mamia ya maili, meno ya tembo wakienda pwani na nguo wakirudi. Bwana wa methali hakubagua kati ya punda na mtu. Aliyejifunza kusema afe kwa mmoja hakupata shida kulisema kwa mwingine.

Wala mambo hayo hayakwisha reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli huchukua mzigo wa stesheni hata stesheni. Haiendi kisimani wala shambani. Punda akiondoka zizini, ndoo ya maji na mtwana wa kuni hurudi kichwani mwa mwanamke, na mtoto wa kike hukosa shule ili amsaidie mama yake. Mwenye kucheka punda anacheka akiwa hana mzigo kichwani.

Hukumu ya zamani, basi, na itenguliwe. Farasi na asifiwe katika nchi zimfaazo. Usinge, heshima ni ya yule afikishaye mzigo, na mfugaji wa haki ni yule ahakikishaye kuwa mzigo umefika na punda yu hai.