Kompyuta Iliyoganda Haijafa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Sikuomba nafasi hii ili nisimulie kisa wala nitunge shairi. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotukera sote tunaosoma somo la kompyuta, nalo ni zile mashine zetu kuukuu zinazoganda. Unaandika kazi yako vizuri, mara mshale unasimama tuli katikati ya kiwambo. Unasukuma kipanya, wapi! Unabonyeza kila kitu, wapi! Mwishowe yanasikika maneno yale yale: "Hii imekufa, ipelekeni stoo."

Maoni yangu ni kwamba kompyuta inayoganda haijafa, inaumwa. Na mgonjwa hazikwi kabla ya kupimwa. Tena nasema kuwa sisi wanafunzi, tukisimamiwa na mwalimu, tunaweza kufanya sehemu kubwa ya upimaji huo kwa pesa kidogo sana au bila hata senti moja.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Shule yetu ni ya kutwa. Jioni kengele ikilia, kila mtu hushika njia yake, huyu Bulapesa, yule Kulamawe. Wengi wetu nyumbani hatuna kompyuta, na kule saiba unalipia kila dakika. Kwa hivyo mashine ya maabara ndiyo ya pekee tuliyo nayo. Zikipelekwa stoo mashine 3, waliokuwa wakikaa wawili kwa mashine moja watakaa wanne. Mmoja atabonyeza, watatu watatazama. Ilhali katika KCSE somo hili lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo, na mradi ambao kila mtahiniwa huutengeneza mwenyewe. Sisi wa kidato cha tatu, mradi huo unatungoja mwakani. Jamani, nani aliyewahi kujua kuogelea kwa kukaa tu ukingoni mwa Ewaso Nyiro?

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Daktari hukuuliza kwanza maumivu huanza saa ngapi. Nasi tuulize vivyo hivyo: mashine hii huganda lini? Swali hili dogo ndilo ufunguo, maana kila ugonjwa una saa yake.

Kama mashine ni nzima asubuhi lakini huganda baada ya nusu saa ya kazi, hasa mchana jua likiwaka, shuku joto. Ndani ya lile sanduku ambalo sote huliita sipiyu mna prosesa, na juu yake mna kipande cha chuma chenye mapezi mengi pamoja na feni ya kukipoza. Nanyi mnalijua vumbi la Isiolo. Wakati wa kiangazi upepo huliingiza hata kwenye chai. Vumbi hilo hunywewa na feni, likajaza yale mapezi kama pamba, na hewa ikakosa njia. Prosesa ikipata joto jingi hupunguza mwendo ili ijiokoe, na ikizidiwa mashine huganda au hujizima yenyewe. Dawa yake ni brashi laini na dakika chache. Chomoa waya wa stima kwanza, gusa chuma cha sanduku ili umeme ulio mwilini mwako uondoke, shika feni isizunguke, kisha futa vumbi taratibu ukiwa nje ya maabara. Lakini kile kisanduku cha stima kilicho ndani, ambacho waya wa ukutani huchomekwa, usikifungue kamwe. Kinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na umeme hauna rafiki.

Kama mashine huganda ovyo, mara inapowaka, mara baadaye, na pengine hulia pii-pii wakati wa kuwaka, shuku kumbukumbu, yaani ile kadi ndefu ya RAM. Mara nyingi kadi hiyo imelegea tu au meno yake yameshika uchafu. Itoe, safisha yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki ya raba, kisha irudishe mpaka vibanio vya pande mbili vishike. Raba ya penseli! Nani hana?

Kama huganda unapofungua faili, na ndani unasikia sauti ya kugonga-gonga, shuku diski. Hapo usicheze. Kabla ya jambo lolote lingine, nakili kazi zote za wanafunzi kwenye flashi, kwa sababu diski inayogonga huweza kufa wakati wowote. Diski mpya itahitajika, na hiyo ndiyo gharama ya kweli.

Kama huganda ukiwa ndani ya programu moja tu, basi mwenye makosa ni programu hiyo. Na kama ilianza kuganda baada ya flashi za watu wengi kupita, shuku virusi. Flashi katika maabara yetu ni kama kikombe kimoja kinachonywewa na darasa zima.

Aidha, kuna wakati mashine haijaganda kabisa, ina kazi nyingi tu. Bonyeza Caps Lock utazame kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika, mara nyingi mashine ingali inasikia. Ngoja kidogo, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja ufunge ile programu iliyokwama. Wenzetu wengi hawana subira. Wanashikilia kitufe cha kuzima, na wengine hulipiga sanduku kofi kama punda mkaidi. Kuzima kwa nguvu diski ikiwa inaandika huweza kuharibu mafaili, na kesho mashine itaganda zaidi. Haraka haraka haina baraka.

Najua wapo wasiokubaliana nami. Wa kwanza husema, "Mkiwaruhusu wanafunzi kufungua mashine, wataharibu hata zilizo nzima, au vipande vitapotea." Hofu hiyo ina msingi na siidharau. Lakini katika maabara ya kemia tunashika asidi tukiwa na mwalimu, na hakuna anayesema chupa zifungiwe mpaka tumalize shule. Tunafundishwa kwanza, tunasimamiwa, na vifaa vinahesabiwa kabla na baada ya kazi. Mbona kompyuta isiwe hivyo? Mashine iliyofungiwa stoo haiibiwi, ni kweli, lakini pia haimfundishi mtu.

Wa pili husema, "Tupeni takataka hizo, tununue mpya." Nani asiyependa kitu kipya? Lakini mchagua jembe si mkulima. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilisambaza mashuleni maelfu ya kompyuta zilizokuwa zimekwisha kutumika, baada ya kuzikarabati. Wakenya wengi walishika kipanya mara ya kwanza katika mashine za namna hiyo. Kwa hivyo kukarabati si aibu.

Ni kweli kwamba uzee una mipaka. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Windows 10 ikakoma kupewa marekebisho ya kawaida ya bure Oktoba 2025. Windows 11 nayo hutaka kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache na prosesa za karibuni, ndiposa mashine nyingi kuukuu haziiwezi. Hata hivyo, ipo mifumo ya Linux ambayo ni ya bure na mingine ni mepesi, na humo mwanafunzi anaweza kuandika barua, kupanga hesabu na kujifunza kuandika programu. Sisemi kila mashine itapona. Ukifungua ukakuta vile vimkebe vidogo vya kapasita vimefura vichwa au kuvuja, hiyo ni kazi ya fundi, na pengine safari yake imefika mwisho. Hata hapo, kumbukumbu na feni zake, zikiwa nzima, zaweza kumfaa jirani wa aina moja naye. Mabaki yasitupwe jalalani wala kuchomwa, kwa maana ndani yake mna risasi na sumu nyingine. Wapewe wanaoshughulikia taka za kielektroniki.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mashine iwe na daftari lake, limefungwa kwa kamba kando yake. Ikiganda, aliyeitumia aandike tarehe, saa, alichokuwa akifanya na alichosikia. Baada ya wiki mbili daftari litatuonyesha ugonjwa, na hata tukimwita fundi hatalipwa kwa kubahatisha. Daftari liandikwe kwa Kiswahili, na hapo ndipo chama chetu kitakapofaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye amri za Kiswahili. Basi tusiseme lugha yetu haiwezi kueleza mashine.

Pili, Jumamosi moja kila muhula iwe siku ya vumbi. Mwalimu asimamie, mashine zifunguliwe kwa zamu, zisafishwe, na vipande vihesabiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, kila mwanafunzi ajizoeze kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, na kuweka nakala ya pili mahali pengine. Kubonyeza Ctrl na S hakugharimu kitu.

Walimu wetu, tunawaomba muturuhusu tujaribu kwa mashine moja tu, ile ambayo tayari imeandikiwa kwenda stoo. Tusipofaulu, mtakuwa hamjapoteza kitu, kwani ilikuwa imehesabiwa maiti. Tukifaulu, darasa litakuwa limepata viti viwili zaidi mbele ya kiwambo, na wale waliokuwa wakitazama wenzao wakibonyeza watapata zamu yao.