Mwenye Duka Akitunga Sheria za Soko

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 99, yawadai Rais na mawaziri waandike mali zao na za jamaa zao, na kuipeleka hati hiyo mbele ya Korti ya Katiba, wanapoingia kazini na wanapotoka. Wabunge 500 na maseneta hawatajwi pale.

Wengine watatujibu: mbunge hashiki hazina. Kweli, lakini ndiye atungaye sheria za biashara! Tazameni sheria ya tarehe 8 Februari 2017, inayowawekea Wakongomani kazi ambazo makampuni makubwa hugawia makampuni mengine. Ni sheria njema. Lakini mbunge mwenye kampuni ya namna hiyo, je, alimpigia nani kura? Hatumshitaki mtu. Twasema tu: sisi tuliomchagua hatukuonyeshwa mali yake, na mwamba ngozi huvutia kwake.

Hatuwachukii matajiri. Wafanyabiashara waliujenga Butembo kwa jasho lao, na ujuzi wao wafaa bungeni. Bali mama avushaye mzigo wake Kasindi hulipa ushuru uliowekwa na wengine. Ana haki ya kujua kama aliyeuweka naye ana ghala yake.

Basi, atakayekuja Beni au Butembo kutuomba kura, tumwulize: Una mali gani? Na jambo la biashara yako likifika bungeni, utaacha kupiga kura? Akikataa kujibu, nasi tumnyime kura.