Mwekezaji wa nyumbani naye atunzwe

Kila mara uwekezaji unapotajwa hapa nchini, macho yetu hukimbilia ng'ambo. Viongozi hufunga safari, mikutano huandaliwa katika hoteli za fahari, na mgeni mwenye mtaji huahidiwa ardhi, umeme na nafuu ya kodi. Hatuna ugomvi na mgeni huyo. Nchi inayoendelea yahitaji mtaji, na mwenye kuja na mali yake kwa njia halali anastahili kukaribishwa. Tunalouliza ni hili: je, mwekezaji aliye nyumbani, mwenye karakana moja na vijana wawili wa kumsaidia, yeye ameandaliwa nini?

Swali hili lina uzito wa pekee katika wadi ya Theta, eneo bunge la Juja, iliyo baina ya miji ya Ruiru na Thika. Eneo hili lilijulikana zamani kwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka wa 2012, mashamba mengi yamegawanywa viwanja, na penye mibuni pameota majumba ya kupangisha. Sensa ya mwaka wa 2019 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na wakazi wapatao 490,000, idadi iliyoufanya uwe wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Thika nao ulikuwa na zaidi ya 250,000.

Umati huo wote hula, huvaa, hujenga na hupeleka watoto shuleni. Kila nyumba inayoinuka yataka milango, madirisha, vitanda na makabati. Kila shule yahitaji sare na madawati. Kila asubuhi watu hao huhitaji mayai, maziwa, mkate na mboga. Hiyo ndiyo fursa ya biashara, na haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali kuigundua. La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya mahitaji hayo huletwa kutoka kwingineko, ilhali kijana wa Theta husimama kwenye lango la kiwanda tangu alfajiri akitarajia kibarua cha siku moja.

Tutazame jinsi sheria inavyowapima wawekezaji hawa wawili. Katika maeneo maalum ya kiuchumi, yaliyowekewa sheria mwaka wa 2015, kampuni hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Mji wa Tatu, uliojengwa hapo Ruiru katika ardhi iliyokuwa shamba la kahawa, una eneo la namna hiyo. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita shilingi milioni moja hutozwa, tangu mwaka wa 2023, asilimia 3 ya mauzo hayo yote, si ya faida. Hata mwaka wa hasara una kodi yake. Juu ya hayo kuna leseni ya kaunti, ada mbalimbali, na hofu ya kuamka akute kibanda chake kimebomolewa kwa kuwa kilisimama kando ya barabara.

Wala haya si mambo mapya. Shirika la Kenya Industrial Estates liliundwa mwaka wa 1967 ili kuwapa wenye viwanda vidogo majengo na mikopo. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliieleza serikali kwamba mafundi wa vibandani ni nguzo ya uchumi, si kero ya mji. Mwaka wa 1992 serikali yenyewe ilichapisha waraka maalum kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Zaidi ya nusu karne ya maneno mema imepita, na fundi angali anachomea vyuma juani, mahali asipokuwa na hati wala uhakika wa kesho.

Lawama si ya serikali peke yake. Sisi wananchi tumejizoeza kuamini kwamba akiba haina pa kuwekwa ila katika kiwanja. Mtu huuza ekari ya urithi, akanunua viwanja viwili kwingine, akavizungushia ua na kungoja bei ipande. Ardhi ni mali, lakini kiwanja kilichofungwa kwa miaka 10 hakiajiri mtu hata mmoja. Fedha hiyo hiyo ingenunua mashine ya kukamua mafuta, tanuri la mikate au vyerehani 20.

Mikopo nayo haina budi kufikiriwa upya. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba mwaka wa 2022, ilianza kwa kutoa mkopo wa shilingi 500 hadi 50,000 unaolipwa katika siku 14. Mkopo wa aina hiyo waweza kumfaa mama muuza mboga, ambaye bidhaa yake huisha jioni. Haumfai anayetaka kununua mashine itakayorudisha gharama yake baada ya miaka miwili. Kumkopesha mtengenezaji kwa kipimo cha mchuuzi ni kumwambia abaki mchuuzi daima.

Kwa maoni yetu, hatua tatu zaweza kuanza bila kungoja mgeni. Kwanza, serikali ya kaunti ya Kiambu itenge ardhi ya karakana katika kila wadi inayokua, Theta ikiwemo, kabla ya kipande cha mwisho kuuzwa, na iwape mafundi hati ya upangaji wa muda mrefu. Pili, kila mwekezaji mkubwa anayepunguziwa kodi awekewe sharti la kununua kwa watengenezaji wa jirani sehemu ya mahitaji yake: vifungashio, sare, vyakula vya wafanyakazi na vipuri vyepesi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilicho hapo Juja, chaweza kuwasaidia mafundi hao kufikia ubora unaotakiwa. Tatu, malipo yasicheleweshwe. Nchini India, sheria ya mwaka wa 2006 humlazimu mnunuzi kumlipa mtengenezaji mdogo katika muda usiozidi siku 45, la sivyo alipe na riba. Hapa kwetu, wengi waliouzia kaunti bidhaa wamefilisika wakingoja cheki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Iwapo ardhi ya Theta itakwisha kuuzwa na viwanda kujengwa, ilhali watoto wa waliokuwa wenye ardhi hiyo wamebaki kuwa walinzi wa malango, tutakuwa tumepata wawekezaji na kupoteza watu. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu wetu amecheza miaka mingi juani, na wakati umewadia wa kumtunza.