Jicho jeupe la mtoto si ulozi

Kuna kansa inayoshika macho ya watoto wadogo, wengi chini ya miaka 5. Inaitwa retinoblastoma. Katikati ya jicho inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, ama jicho linaenda kombo. Tukianza kutafuta mlozi, bibi anashitakiwa bure, mtoto anazungushwa kwenye vyumba vya maombi, na kansa inaendelea kuelekea ubongo.

Jambo lenyewe liko katika jeni. Mwaka 1971 Mmarekani Alfred Knudson alieleza namna inavyoanza. Leo jeni yenyewe inajulikana, RB1. Kwa watoto karibu 4 kati ya 10, jeni hiyo imeharibika mwilini mote tangu tumboni, hata kama baba na mama ni wazima. Mtoto wa namna hiyo akipona jicho, anaweza kupata kansa ya mfupa ujanani, na kila mtoto atakayezaa ana nafasi 1 kwa 2 ya kurithi.

Basi mmoja akiugua, wadogo zake wote wapimwe macho, hapana kungoja.

Lakini hospitali kubwa za Kisangani ziko ng'ambo ya mto, na mfuko wa mchimbaji ni mtupu. Sisi wa sendika tunadai: wanunuzi wanaopima almasi yetu kwa kioo, pamoja na Leta, walipe kipimo cha macho ya watoto wetu. Na sisi wenyewe, kila timu ya shimo iweke sanduku la mtumbwi na dawa.

Bamama, mukiona weupe katika jicho, vukeni siku ileile.