Gitaa Lililofichwa Uvunguni

Yamkini, msomaji, umepata kuambiwa ya kwamba muziki wa magitaa yangurumayo na waimbaji wapigao mayowe ni kazi ya shetani, au ni maradhi ya Wazungu yaliyovuka bahari kuja kuwaharibu watoto wa Kenya. Maneno hayo niliyasikia kwa dada yangu, aliyelificha gitaa la mwanawe uvunguni muda wa miezi miwili. Nimekusudia kuyapinga, ili nawe, ambaye huenda gitaa lako limefichwa vivyo hivyo, upate cha kujibu kwa adabu.

Nilifuatana na mpwa wangu huyo kwenda Nairobi. Katikati ya mji tulipanda matatu ya Westlands. Spika zake zilitikisa madirisha njia nzima. Wazee walisinzia, wala hapana aliyenung'unika. Likumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Usiku, katika ukumbi mmoja, vijana wanne walipanda jukwaani wakiwa na magitaa, ngoma na kompyuta. Muziki wao huitwa metalikoo, mtoto wa metali na panki kali, nao waliutia midundo ya mashine. Mara mwendo ulipungua, magitaa na ngoma vikatua pamoja kwa pigo moja moja zito, na umati ukaruka. Kijana mmoja alianguka. Sikuwahi kunyosha mkono, wenziwe walikuwa wamekwisha kumwinua. Mwimbaji nilidhani atapasuka koo. Baadaye nilimkuta nje akinywa maji. Alinisalimu "Shikamoo, mzee," kwa sauti laini kabisa, akanieleza ya kuwa pumzi hutoka tumboni, na kinachonguruma ni mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti. Kujifunza hivyo pasipo kujiumiza huchukua miaka.

Je, muziki huu ni wa kigeni? Naam, ulizaliwa ng'ambo. Hata tarumbeta za beni zilitoka katika bendi za wakoloni, na watu wa Lamu na Mombasa wakazifanya ngoma yao. Twisti nayo ilitoka Marekani. Daudi Kabaka akaipa mwendo wa kwetu katika miaka ya 1960, na leo wazazi wale wale wanaokemea vijana huziita nyimbo zake zilipendwa, na macho huwalenga machozi. Kitu hakiwi cha kwetu kwa kuzaliwa hapa tu. Huwa cha kwetu pia kwa kufanyiwa kazi hapa. Na kazi imefanyika. Nairobi ina Last Year's Tragedy, kundi la metalikoo. Palikuwa na Duma pia, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, ambao mwaka 2020 walitoa albamu kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hawakuwa na mpiga ngoma; midundo ilitoka katika kompyuta, kwa kasi ambayo mkono wa mtu haungeifikia. (Usidhani jina lao ni la yule mnyama mwenye mbio, ingawa lingefaa; wao walilitoa katika Kikuyu, na maana yake ni giza.) Hao walimwiga Mzungu gani?

Ama habari ya shetani, hofu hiyo si mpya. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada ya shetani nchini. Lakini mshitaki hutakiwa kuonyesha aliyedhulumiwa. Mimi katika ukumbi ule nilimwona aliyeinuliwa, aliyekanyagwa sikumwona.

Shitaka moja nalikubali. Sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nyingi hudhuru masikio, na yangu yalilia hadi asubuhi. Nunua vizibo vya masikio, pamba haitoshi. Lakini kama kosa ni makelele, basi na ile matatu ishitakiwe, maana haikuomba ruhusa ya mtu, na sisi wa ukumbini tulikwenda kwa hiari na nauli zetu.

Hayo yote nilimweleza dada yangu. Hakunijibu siku ile. Juma la pili gitaa lilitoka uvunguni, kwa sharti kwamba lisisikike baada ya saa tatu usiku, na kwa sharti hilo mimi niko upande wake.