Tamko Kuhusu Matumizi ya Kemikali Katika Kutoa Mafuta Yaliyosalia Ardhini

Sisi wahandisi, wanajiolojia na mafundi wa sekta ya mafuta Afrika Mashariki, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa serikali za kanda, kwa kampuni zenye leseni na kwa wananchi wanaoishi jirani na visima.

Bonde la Albertine nchini Uganda linakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5 ya mafuta ghafi. Yanayotarajiwa kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Zaidi ya robo tatu, basi, imekwisha kuhesabiwa kuwa itabaki mwambani, kabla hata bonde hilo halijazeeka. Kwingineko duniani hali haitofautiani sana. Nguvu ya asili ya mwamba ikipungua, maji hudungwa ardhini ili yayasukume mafuta, lakini aghalabu zaidi ya nusu husalia. Mafuta yakiwa mazito, maji huyapenya, hushika njia ya mkato na kuibukia kwenye kisima cha uzalishaji, huku mafuta yenyewe yakiachwa nyuma.

Hapo ndipo kemikali zina kazi. Polima huyaongezea maji mnato, yakawa kama uji, yakaweza kuyasukuma mafuta kwa pamoja. Kemikali za jamii ya sabuni huyaachilia matone yaliyonaswa katika vinyweleo vya mwamba. Alkali nayo, ikikutana na asidi zilizomo katika baadhi ya mafuta ghafi, huzalisha sabuni humo humo ardhini.

Mbinu hii imekwisha kuthibitika. Daqing, eneo la mafuta la China lililogunduliwa mwaka 1959, linatumia polima kwa kiwango cha viwanda tangu miaka ya 1990. Marmul, kusini mwa Oman, ilianza mradi wake mkubwa wa polima mwaka 2010. Tena, kampuni mbili zinazoongoza uchimbaji Uganda si wageni wa kazi hii: TotalEnergies imedunga polima Dalia, katika bahari ya kina kirefu ya Angola, na CNOOC imefanya hivyo katika Ghuba ya Bohai. Ujuzi huo wanao. Tunataka wahandisi wetu waupate kwa mikataba iliyoandikwa, na vyuo vikuu vyetu vipewe sampuli za miamba ya hapa vifanye majaribio, kwa kuwa polima inayofaa Daqing huenda ikaharibika kwenye joto au chumvi ya mwamba mwingine.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni maji yanayorudi juu. Yakirudi na polima, huwa vigumu kuyatenganisha na mafuta, na mitambo iliyojengwa bila kulifikiria jambo hilo huelemewa. Daqing pia walikuta alkali kali ikiacha ukoko kwenye pampu na mabomba, ikabidi wageukie alkali dhaifu. Polima inayotumika zaidi, poliakrilamaidi, sumu yake ni ndogo. Lakini akrilamaidi, malighafi yake, hudhuru neva, na mabaki yake ni lazima yapimwe.

Huko Nimr, Oman, maji yatokayo na mafuta husafishwa kwa kupitishwa kwenye mashamba makubwa ya matete. Ni kazi ya kusifiwa, ila iko jangwani. Sisi tuna Ziwa Albert, ambalo wavuvi wa Uganda na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hulitegemea kila siku. Hatuwezi kukubali kipimo cha jangwani kitumike ziwani.

Kwa sababu hizo, tunazitaka mamlaka za mafuta na za mazingira zidai mpango wa kemikali sasa, wakati mitambo bado inaweza kurekebishwa kwa gharama nafuu, badala ya kungoja visima vichoke. Mpango huo utaje jina na kiasi cha kila kemikali, maji yatatoka wapi, na yakirudi yatakwenda wapi. Utangazwe kwa lugha wanayoielewa wanavijiji wa kandokando ya ziwa, na vipimo vya maji vifanywe na maabara isiyolipwa na mchimbaji.

Tunaunga mkono kutolewa kwa mafuta yaliyosalia. Lakini kibali chochote cha kudunga kemikali kitakachotolewa bila mpango wa maji uliotangazwa hadharani, chama hiki kitakipinga, na tunawaomba wananchi wakipinge pamoja nasi.