Ndege ya Redio: Moteri Gani?

Munataka kutengeneza ndege kubwa ya kuongozwa kwa redio? Musianze na rangi. Mupime kwanza uzito wote, ndipo muchague moteri. Moteri ndogo nyingi hunywa metanoli, aina ya alkoli. Hapa Kindu mutaipata wapi? Moteri ya sentimeta 50 za ujazo hutumia esansi iliyochanganywa na oile, sawa na mashine ya kukata miti, na inaweza kuinua ndege ya kilo 10 hivi. Esansi ya chupa za barabarani muichuje. Moteri hiyo inatetemeka sana: mukaze bulo zote. Helisi inakata vidole: mwenzako ashike mkia wakati wa kuwasha. Tena musirushe karibu na uwanja wa ndege. Yenu ni mchezo. Ile ingine imebeba watu.